Somo la Ufundi: Lori Linachemsha, Tuanze Kutafuta Wapi?



Katika somo lililopita tulijifunza kusafisha filta ya dizeli na kutoa hewa kwenye mfumo wa mafuta. Leo tunaingia katika ugonjwa unaosumbua karibu kila lori kuukuu, yaani injini kuchemsha. Somo ni la vijana wanaojifunza kazi katika karakana. Lakini tunaomba lisomwe pia na kila mwanakikundi mwenye hisa katika lori, hata kama hajawahi kushika spana, kwa sababu fedha zinazopotea katika ugonjwa huu ni zake.

Kuna kikundi kimoja cha wauza mahindi na maharage kilichokuwa na lori la silinda 6. Lilikuwa likichemsha kila lilipopanda mlima na mzigo. Fundi wa mjini alitazama mvuke, akasema bila kupima kitu, "Hii ni gasketi ya silinda hedi." Hedi ikafunguliwa, ikapelekwa kusawazishwa kwenye mashine, gasketi mpya ikanunuliwa. Akiba ya msimu mzima iliishia hapo. Safari ya kwanza baada ya matengenezo lori likachemsha palepale pa siku zote. Wanakikundi wakaanza kunong'ona kwamba dereva ana njama na fundi, na mwishowe wakamnyang'anya ufunguo. Lori lilipoletwa kwetu tulikuta mkanda wa feni umelegea na kung'aa kama kioo, na uso wa rejeta umezibwa na mbegu za nyasi, vumbi na panzi waliokauka. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Dereva alirudishiwa ufunguo wake. Fedha hazikurudi.

Kwa hiyo katika somo hili tutafuata utaratibu mmoja: tunaanza na kile kisichogharimu kitu, na hedi tunaifikia mwisho kabisa.

Neno moja kuhusu majina. Wenzetu waliojifunza kazi Bukavu au Uvira wamezoea kusema motere, radiateri na kulasi. Hapa tumeandika injini, rejeta na silinda hedi, maana ndivyo utakavyoelewana na wenye maduka ya vipuri ukifika Mbarara. Kitu ni kilekile.

KWANZA, USIMUUNGUZE MTU

Pwani ya bahari maji huchemka kwa digrii 100. Kadiri unavyopanda juu, yanachemka mapema zaidi. Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika, ni kama digrii 97. Mbarara, ambako ni juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,400 hivi, ni kama digrii 95. Injini ya dizeli hufanya kazi vizuri ikiwa na maji ya digrii 80 hadi 90. Unaona kwamba nafasi iliyobaki ni ndogo. Ndiyo maana waliotengeneza malori waliweka kifuniko cha rejeta chenye springi. Kifuniko hicho huyabana maji, na maji yaliyobanwa hayachemki upesi. Kifuniko chenye alama ya 7, au 0.5 kwa vipimo vya Ulaya, huongeza zaidi ya digrii 10.

Sasa fikiri. Ndani ya rejeta kuna maji ya digrii 105 ambayo hayajachemka kwa sababu tu yamebanwa. Wewe unafungua kifuniko. Mbano unaondoka, na mara hiyohiyo maji hayo yanageuka mvuke na kuruka usoni mwako. Haijalishi umeweka kitambaa, haijalishi umesimama pembeni. Taniboi wengi wana makovu ya kifua na mikono kwa ajili ya jambo hili, na kwa kawaida aliyewatuma kufungua ni dereva mwenye haraka.

Subiri nusu saa, au zaidi. Gusa mpira wa juu wa rejeta. Ukiweza kuubana kwa mkono bila kuungua na ukawa laini, funika kifuniko kwa kitambaa kizito kilicholoana, kizungushe hadi kituo cha kwanza tu, ngoja pumzi itoke yote, ndipo ukifungue. Watoto wakae mbali.

Mtu akiungua, mmwagie maji safi ya baridi kwa dakika 20. Usimpake mafuta, dawa ya meno, unga wala yai. Mvue pete na saa kabla mkono haujavimba, funika kidonda kwa kitambaa safi, na mpeleke zahanati.

MAJI YANAVYOZUNGUKA

Kwa ufupi: pampu ya maji, inayozungushwa na mkanda, husukuma maji ndani ya bloku na kuyapandisha kwenye silinda hedi. Maji yakiwa bado baridi, themostati hufunga njia ya rejeta, nayo yanarudi kwenye pampu kwa njia fupi ya pembeni. Yakifika karibu digrii 80 themostati huanza kufunguka. Maji hupita mpira wa juu, yanaingia rejeta, yanashuka katika mirija myembamba huku feni ikivuta hewa, yanarudi kwa mpira wa chini. Injini za silinda 6 za malori kama Mercedes 1113 hufanya kazi hivi, na karibu malori yote ya zamani yanayopozwa kwa maji ni vivyo hivyo.

Basi joto likizidi, sababu ni mojawapo kati ya hizi: maji ni machache, maji hayazunguki, hewa haipiti, au injini yenyewe inatoa joto kupita kiasi.

MUULIZE DEREVA: LINACHEMSHA LINI?

Hapa ndipo mafundi wengi wanapokosea. Wanafungua boneti kabla ya kufungua masikio. Dereva ameishi na lori hilo, na majibu yake yanaweza kukuokolea siku mbili za kazi. Mkalishe kivulini, muulize taratibu, wala usimuulize kama mshitakiwa.

Akisema, "Linachemsha nikiwa nimesimama sokoni au nikienda polepole matopeni, lakini nikipata barabara nzuri mshale unashuka," shuku hewa. Lori likienda kasi, upepo wa barabarani hufanya kazi ya feni. Likisimama, feni iko peke yake. Tazama mkanda, tazama feni, tazama na lile ganda la bati linalozunguka feni. Ganda hilo mara nyingi huvunjika, na watu hulitupa wakidhani ni pambo. Bila ganda, feni huvuta hewa ya pembeni badala ya kuivuta kupitia rejeta. Wahunzi wetu wa bati wanaweza kutengeneza jingine kwa siku moja.

Akisema, "Nikienda kasi au nikipanda mlima na mzigo ndipo linachemsha, nikisimama linapoa," shuku maji kutozunguka vya kutosha: rejeta iliyoziba kwa ndani, mpira wa chini unaonyonywa ukabonyea, au pampu iliyochakaa. Uso wa rejeta ulioziba, pamoja na mkanda unaoteleza, navyo huweza kuleta dalili hii, kama ilivyokuwa kwa lori la kile kikundi.

Akisema, "Dakika chache baada ya kuwasha, mshale uko juu," na rejeta bado ni baridi ukiigusa, themostati imeganda ikiwa imefungwa. Kama maji yanatapika nje mapema hivyohivyo na mpira wa juu umekuwa mgumu kabla injini haijapata joto, hapo ndipo unaweza kuanza kuifikiria gasketi ya hedi.

Akisema, "Naongeza maji kila siku, lakini chini hakuna tone," maji yanakwenda mahali. Huenda yanavuja barabarani tu, injini ikiwa na mbano, na kukauka kabla hujayaona. Tafuta alama nyeupe au za kutu kwenye maungio. Huenda pia yanaingia ndani ya silinda.

Muulize pia ni gia gani anayotumia mlimani. Waliopanda Ngomo, kati ya Kamanyola na Bukavu, wanajua: dereva anayeng'ang'ania gia kubwa huku injini ikigugumia anaipika mwenyewe. Injini ikizunguka polepole, pampu na feni navyo vinazunguka polepole, wakati mzigo ni uleule. Shusha gia mapema.

ASUBUHI, INJINI IKIWA BARIDI

Fungua kifuniko. Maji yawe yamefunika mirija. Kama injini imelala usiku kucha na bado kifuniko kinapiga "fyuu" ukikifungua, andika jambo hilo kwenye daftari. Ni ushahidi tutakaourudia.

Tazama raba ya kifuniko. Ikiwa imepasuka au imekuwa ngumu, au springi ni legevu, kifuniko hakibani tena na maji yatachemka mapema. Usiweke kifuniko chochote ulichokiokota. Alama iwe ileile ya lori lako.

Bonyeza mkanda wa feni kwa kidole gumba katikati ya urefu wake. Uingie sentimita 1 hadi 1 na nusu. Ukiingia zaidi, ukaze. Ukiwa umeng'aa pande zake au una nyufa, badilisha, maana mkanda ulioiva huteleza hata ukikazwa. Shika feni, itikise mbele na nyuma. Ikicheza, beringi za pampu zimekwisha. Chini ya shingo ya pampu kuna kitundu kidogo; maji yakitoka hapo, sili imekufa. Usikizibe kitundu hicho kwa sabuni wala kwa kijiti. Kiliwekwa ili kikuambie.

Sasa rejeta kwa nje. Weka taa upande mmoja, tazama upande wa pili. Kama mwanga haupiti, hewa pia haipiti. Osha kwa maji ukitokea upande wa injini kwenda mbele, kinyume cha njia ambayo uchafu uliingilia. Maji yasiwe na nguvu sana, yatalaza mapezi. Mapezi yaliyolala yanyooshe taratibu kwa kipande cha bati. Wakati wa kiangazi fanya hivyo kila wiki. Ni maji ya kuogea tu yaliyotumika, si lazima yawe ya kunywa.

Mipira ibonyeze kwa mkono. Isiwe laini kama mlenda wala ngumu kama fimbo. Kisha washa injini, mtu mmoja akanyage mafuta, wewe tazama mpira wa chini ukiwa umesimama mbali na feni, shati limechomekwa. Ukiona unajikunja na kubonyea, badilisha. Baadhi ya mipira hii ilikuwa na springi ndani. Kama springi imeoza, mpira mpya bila springi utabonyea vilevile.

THEMOSTATI: TUTOE AU TUIACHE?

Hili lina ubishi mkubwa kijiweni. Mafundi wengi wakiona lori linachemsha hutoa themostati, wanaitupa, na kumwambia mwenye lori kwamba nchi zetu ni za joto, haihitajiki. Sisi hatukubaliani nao.

Kumbuka ile njia fupi ya pembeni. Katika injini nyingi za malori, themostati ikifunguka kwenda rejeta, sehemu yake ya pili huifunga njia fupi. Ukiitoa, njia fupi inabaki wazi siku zote, na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita rejeta. Mlimani lori litachemsha zaidi. Na katika tambarare asubuhi injini itakuwa baridi mno, itakula dizeli zaidi, na silinda zitalika upesi. Kama imeganda njiani na huna nyingine, itoe, rudi nyumbani polepole, kisha nunua.

Kuipima ni rahisi. Ifunge kwa uzi, itumbukize katika sufuria ya maji isiguse chini, weka sufuria jikoni. Ikiwa baridi iwe imefunga kabisa. Namba iliyopigwa juu yake, kwa mfano 79 au 83, ni digrii inapoanza kufunguka. Kama huna kipimajoto, angalia tu kwamba imeanza kufunguka kabla maji hayajachemka, na yakichemka iwe imefunguka vizuri. Isipofunguka, imekufa. Sufuria hiyo isitumike tena kwa chakula.

REJETA KWA NDANI

Endesha lori hadi lipate joto la kawaida, zima, ngoja feni isimame. Pitisha kiganja karibu na uso wa rejeta, usikigandamize. Juu kutakuwa na joto zaidi kuliko chini, hilo ni sawa. Lakini ukikuta kiraka baridi katikati ya moto, mirija ya hapo imeziba. Toa maji, fungua mipira yote miwili, ingiza maji ya bomba kwa tundu la chini hadi yatoke safi juu. Hiyo ndiyo kuosha kinyume. Kutu laini itatoka. Gamba gumu la chokaa halitatoka kwa maji, itabidi rejeta ifunguliwe na fundi wa kuchomelea risasi na mirija isuguliwe.

Gamba hilo linatokana na maji tunayotia. Maji ya kisima yenye chumvi hujenga ndani ya injini kama yanavyojenga ndani ya birika. Maji ya ziwa yenye tope ni mabaya vilevile. Maji bora tuliyonayo ni ya mvua yaliyokingwa kwenye paa la bati, yakachujwa kwa kitambaa. Weka dumu moja kwa ajili ya lori, na uliandike.

Kama unatumia kile kimiminika cha rangi cha kuzuia kutu, fahamu kwamba aina nyingi ni sumu, nacho kina utamu. Mtoto au mbuzi anaweza kukinywa na kufa. Usikimwage chini, wala usikiache katika chupa ya soda.

SASA TUFIKE KWENYE GASKETI

Umefanya yote hayo na bado linachemsha. Jaza rejeta hadi juu injini ikiwa baridi. Ondoa mkanda wa feni ili pampu isiyatikise maji. Acha kifuniko wazi, washa injini, tazama maji kwa dakika moja tu, kisha zima, maana bila pampu haitakiwi kwenda zaidi. Mapovu machache ya mwanzo yanaweza kuwa hewa iliyobaki. Yakiendelea mfululizo, na ukikanyaga mafuta yanaongezeka, hewa ya silinda inaingia kwenye maji. Linganisha na ile "fyuu" ya asubuhi.

Chomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia, na injini isiwashwe tena. Lakini hata hapo usikimbilie hedi. Lori lenye kipoza oili linaweza kutoa dalili hiyohiyo kipoza kikitoboka, nacho ni rahisi zaidi kukitoa na kukipima. Moshi mweupe usioisha hata injini ikiwa moto, pamoja na maji kupungua, ni shahidi mwingine.

Mashahidi wawili wakikubaliana, fungua hedi. Ukiifungua, iwekee rula ya chuma na filageji uone kama imepinda, na utafute nyufa kati ya valvu. Gasketi mpya kwenye hedi iliyopinda ni fedha iliyotupwa.

Mambo mengine tunayataja kwa haraka. Breki zinazoshika hufanya injini ivute mzigo usioonekana. Gusa ngoma za magurudumu baada ya safari. Pampu ya dizeli iliyofungwa vibaya, ikachelewesha mafuta, hupandisha joto na kupunguza nguvu. Na geji yenyewe inaweza kusema uongo. Jihadhari hasa na hili: maji yakiisha kabisa, kipimo kinabaki kwenye hewa na mshale unaweza kushuka. Dereva anafurahi kwamba lori limepoa, kumbe linaungua. Mshale ukishuka ghafla mlimani, simama.

LIKICHEMSHA NJIANI

Simama mahali pa wazi, weka mawe kwenye magurudumu, abiria wote washuke. Kama maji hayajamwagika, iache injini izunguke kwa kasi ndogo dakika mbili au tatu ili pampu na feni zipunguze joto. Kama mvuke unatoka na maji yanamwagika, zima mara moja. Usimwage maji baridi juu ya bloku. Ikishapoa, washa, kisha tia maji kidogo kidogo injini ikiwa inazunguka. Maji baridi yakiingia kwa pupa katika chuma cha moto, hedi hupasuka, na hapo ugonjwa wa mkanda unakuwa ugonjwa wa hedi kweli.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Lori linachemsha sokoni tu, barabarani halina shida. Mkanda ni mzuri. Utatazama nini kinachofuata?

2. Fundi anataka kufungua hedi ya lori la kikundi chenu. Ni vipimo gani viwili mtamwomba awaonyeshe kwa macho kabla hamjatoa fedha?

3. Kwa nini lori lililotolewa themostati linaweza kuchemsha zaidi mlimani?

Leteni majibu karakana. Somo lijalo ni breki za upepo.